Sekela na Koki ya Subira

Sekela alikuwa na miaka sita, na alikuwa na kazi yake. Kila asubuhi, pale kwao Tukuyu, alifungua koki ya Subira.

Subira ilikuwa pikipiki ya Shangazi Ambwene. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka. Kiti chake kilikuwa na viraka viwili. Lakini moyo wake, jamani, ulikuwa mzima!

Koki ilikuwa kidude kidogo chini ya tangi. Ikifungwa, petroli haishuki. Ikifunguliwa, petroli inashuka hadi kwenye injini.

Jioni Shangazi alifunga, kii! Asubuhi Sekela alifungua, kii!

"Shangazi anafunga, mimi nafungua!" aliimba Sekela.

Kisha Shangazi alipiga kiki, na Subira akaitika: tuku-tuku-tuku-tuku!

Siku moja Shangazi alisema, "Dada yangu wa Mwanza amejifungua mapacha. Naenda kuwaona."

"Kwa basi?" aliuliza Sekela.

"Kwa Subira. Peke yangu."

Mwanza! Kutoka Tukuyu ni mwendo wa siku nne.

Jirani yao, Baba Gwamaka, alisikia. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Hiyo pikipiki? Haifiki hata Mbeya! Itarudi juu ya lori!"

"Usidharau kiselema, Baba Gwamaka," alisema Shangazi. Kiselema ni jembe lililochakaa, lakini bado linalima. "Subira akirudi juu ya lori, nitamuuza kama chuma chakavu. Akirudi kwa magurudumu yake, utamfuta vumbi wewe mwenyewe."

Sekela alishtuka. Subira auzwe? Subira wao?

Siku ya safari, Shangazi alikaza nati. Alipaka mnyororo oili. Alibonyeza tairi, nyuma na mbele. Sekela alifungua koki polepole, kwa sababu hakutaka kumaliza.

"Huko njiani nani atafungua?" aliuliza.

"Nitakupigia simu kila asubuhi," alisema Shangazi. "Utaniambia wewe."

Tuku-tuku-tuku-tuku! Subira akashika barabara.

Asubuhi ya kwanza, simu ya mama ililia.

"Nimelala Iringa!" alisema Shangazi.

"Fungua koki!" alisema Sekela. Kii! Tuku-tuku-tuku-tuku!

Baba Gwamaka alikuna kidevu. "Basi haifiki Dodoma."

Asubuhi ya pili, simu ililia.

"Nimelala Dodoma!"

"Fungua koki!" Kii! Tuku-tuku-tuku-tuku!

Baba Gwamaka alikuna kichwa. "Basi haifiki Singida."

Asubuhi ya tatu, simu ililia.

"Nimelala Singida! Leo naingia Mwanza!"

"Fungua koki!" Kii! Tuku-tuku-tuku-tuku!

Baba Gwamaka alikuna kidevu, akakuna kichwa. Alikuna tu.

Lakini siku hiyo hiyo, mchana, simu ililia tena. Mchana? Sekela aliikimbilia.

"Sekela," alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niko Mlima Sekenke. Subira amezimika. Napiga kiki, kimya. Napiga tena, kimya."

Sauti ya mwanamume ilisikika kwa mbali. "Dada, tuipakie kwenye lori langu?"

Juu ya lori! Sekela alitaka kulia.

"Si nilisema mimi?" alisema Baba Gwamaka, akichungulia kwenye ua.

Sekela hakulia. Alifumba macho, akafikiri.

"Shangazi, ulisimama mahali?"

"Hapo nyuma kidogo tu. Nilikunywa chai."

"Na koki?"

"Nilifunga. Si mimi ninayefunga?"

"Na nani alifungua?"

Shangazi akainama, akatazama chini ya tangi.

Kisha Shangazi akacheka. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Wewe mtoto! Hakuna aliyefungua! Amefika hapa kwa matone yaliyobaki tu! Subira wa watu ana kiu!"

Kii!

Tuku... tuku... tuku-tuku-tuku-tuku!

Piii! Yule dereva wa lori alipiga honi kwa furaha.

Sekela alijiona mrefu kama mgomba. Alijivuna kweli kweli, na kwa nini asijivune?

Jioni ile Shangazi aliingia Mwanza. Aliwabeba mapacha, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule.

Siku zikapita. Sekela alikaa mlangoni, akasikiliza. Akasikiliza tena.

Tuku-tuku-tuku-tuku!

"Shangazi! Subira! Kwa magurudumu yake!"

Subira alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye taa. Baba Gwamaka alileta ndoo. Alileta kitambaa. Alifuta vumbi la Mwanza, la Singida, la Dodoma na la Iringa.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema. "Pikipiki hii ni imara!"

Sekela na Shangazi walitazamana, wakaangua kicheko.

"Watu wakiniuliza nilifikaje," Shangazi alisema mbele ya wote, "nitawaambia, nina Subira, na nina Sekela."

Jua likazama. Shangazi akafunga koki, kii. Injini ilikuwa bado ya moto. Tik, tik, tik, ikapoa.

Sekela alijifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Shangazi, na kesho?"

"Kesho kazi yako inakusubiri."

Sekela akatabasamu. Akafumba macho.

"Shangazi anafunga," alinong'ona, "mimi..."

Akalala.