Siku 212 Bila Maambukizi

Harufu ndiyo iliyompokea Mkaguzi wa polisi mlangoni mwa wodi ya moyo. Akafunika pua kwa kiganja, kisha akaona haya, akakishusha.

Marehemu alikuwa mzee, fundi cherehani. Kwa miezi minne pampu iliyopandikizwa kifuani ndiyo iliyousaidia moyo wake, na waya wake ulitokea tumboni, chini ya mbavu. Mwanawe ndiye aliyepiga simu polisi. Daktari wa polisi alipobandua plasta pale waya ulipotokea, usaha wa kijani ukafuata.

"Kidonda hiki kimeoza wiki nzima," alisema.

Mkaguzi alifungua faili. "Lakini juzi maabara wamesema kidonda safi."

"Basi walipima cha nani?"

Kwenye kitanda cha pili alilala dada mmoja ambaye moyo wake ulichoka baada ya kujifungua. Naye alikuwa na pampu. Homa ilimpanda tangu alfajiri, na majibu yake pia yalisema safi.

"Afande, msiniache nikaoza hivi," alinong'ona. "Mwanangu hajaota hata jino."

Palepale Mkaguzi alimtaka daktari achukue sampuli mpya ya yule dada kwa mkono wake mwenyewe, ijulikane ni kijidudu gani na dawa ipi inakiweza. Kijiti cha pamba kilichodaiwa kupangusa kidonda cha mzee, ambacho bado kilikuwa maabara, akakipeleka kupimwa vinasaba.

Siku ya tatu majibu yalitoka. Mkaguzi akarudi wodini, akamwita muuguzi mkuu, yule ambaye wodi nzima ilimwita Mama Usafi. Alikuja na sare iliyonyooka kama karatasi, kucha zinang'aa.

"Sampuli ya mzee uliichukua mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe. Kazi yangu simwachii mtu."

"Imetoka kwa mwanamke."

Mama Usafi alificha mikono nyuma.

"Ulipangusa nini?"

"Mkono wangu. Nilishaunawa kwa sabuni."

"Na ya yule dada?"

"Hivyohivyo."

"Kwa nini?"

Mama Usafi aliinua macho kwenye ubao juu ya mlango: SIKU 212 BILA MAAMBUKIZI.

"Hakuna wodi iliyowahi kufika hata mia, afande. Wageni wanapigia picha pale. Kidonda kimoja tu kikisomwa kichafu, tunarudi sifuri. Nikasema nitamsafisha kimyakimya, atapona."

"Alipoanza kunuka?"

"Nilifungua madirisha."

Mkaguzi alimtia pingu bila kumgusa ngozi. Kisha akavuta kiti, akapanda, akaifuta ile namba kwa kitambaa. Wino ulikuwa umekauka, ilibidi asugue.

Yule dada alikuwa akimtazama. Dawa sahihi ilikuwa ikimdondokea mshipani tangu asubuhi, na homa ilikuwa imeanza kushuka.

"Andika sifuri, afande," alisema. "Siku ya kwanza ihesabiwe kuanzia kwangu."