Mchi wa Tatu

Kila mkija likizo ni hilo hilo: bibi, tusimulie ya lile shimo. Mimi nina mahindi ya kupukuchua na mgongo unaniuma, nyinyi mmekaa mikono mitupu. Haya, pukuchueni nami niseme. Atakayecheka arudi kwao Segera akacheke na mabasi.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu walitolewa mashambani kwao, ng'ambo ya Kang'ata, wakamwagwa kwenye uwanja wa ndege ambao Waingereza waliujenga wakati wa vita vya Hitla, kisha wakauachia nyasi. Mwantumu alipewa kiwanja pembeni mwa njia ya ndege. Si mjane, si mke. Mumewe, Hiza, alikuwa kibarua wa uwanja huo huo enzi za Waingereza. Siku moja hakurudi, na nyapara wake, Mhina, akatangaza kwamba amekimbilia mashamba ya mkonge Korogwe na mwanamke. Mwantumu alibeba aibu hiyo mpaka mvi zikamtoka. Na sasa Mhina huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji.

Alasiri moja alikuwa akitwanga na jirani yake Raheli, Mshambaa. Mchi wa huyu, mchi wa yule. Halafu, chini ya kinu: pu.

"Dada, umesikia?" Raheli alinong'ona.

"Twanga."

Wakatwanga. Pu, chini kule, likichelewa kidogo. Udongo ukatoa harufu ya petroli na jasho la mtu.

Raheli aliweka mchi chini. Mwantumu hakuweka. Pigo lile la kuchelewa alilijua. Mwanzo wa ndoa yao Hiza alikuwa akitwanga naye, mchi wake ukichelewa hivyo hivyo, mwanamume mzima, na watu wakimcheka. Mhina ndiye aliyeongoza, akimwita mke mwenza wa Mwantumu.

Walichimba kidogo, wakakuta zege na kifuniko cha chuma. Watu wakajaa. Huyu akasema ni tangi la maji, yule akasema ni kaburi la Wazungu. Mhina akaja mbio.

"Fukieni. Ni ghala la mabomu hilo. Mama, kesho utahamishwa."

"Nimeshahamishwa mara moja kwa amri yako, ndugu mwenyekiti. Mara ya pili utanibeba mgongoni. Na pua ninayo. Hapa ndege zilikuwa zinawekewa mafuta. Bomu gani linatwanga?"

Mwantumu akamwita Mzee Mbaruku, mganga wa Korogwe ya zamani. Mzee alichoma ubani juu ya kifuniko, na moshi, badala ya kupanda, ukainama ukaingia kwenye ufa kama unavutwa na kifua cha mtu, na pigo likaanza bila mchi wowote kuinuliwa, kwanza pale, kisha mbele kidogo, kisha njia nzima ya ndege, chini ya majiko, chini ya vitanda walipolala wachanga, mpaka kuku wakakimbilia juu ya mapaa na hakuna aliyethubutu kukanyaga chini kwa unyayo mzima.

"Humu mna mtu," mzee alisema polepole. "Hajaoshwa, hajasaliwa. Jini limemkalia, limejifunza pigo lake. Halitoki mpaka aliyemfungia afungue kwa mkono wake."

Watu wakarudi nyuma. Mwantumu akasogea mbele, mchi mkononi.

"Mhina. Fungua."

"Mimi nilikuwa nyapara tu."

"Sikukuuliza cheo. Fungua."

Pu, chini ya miguu yake. Mhina akapiga magoti.

"Nilimfungia humo nimtie adabu," alisema. "Mpaka jioni tu. Alinijibu mbele ya watu. Mzungu akaamuru tumwage udongo, nikaogopa kusema."

Akafungua. Akashuka mwenyewe, akapandisha mifupa kwenye kanga ya Mwantumu. Hiza akaoshwa, akasaliwa, akazikwa, na Mwantumu akakaa matanga ya mumewe kichwa juu. Shimo likanyamaza.

Lakini Mhina alipoketi kula, chini ya kigoda chake: pu. Akahamia Segera, chini ya benchi la chai, pu. Mzee Mbaruku alimwambia kweli: jini limetolewa shimoni, halijatolewa kwa aliyelikaribisha. Dawa ilikuwa moja tu, kushika mchi na kulijibu.

Basi alirudi, akauacha uenyekiti, akatwanga mahindi ya kila nyumba, mbele ya wanawake, mpaka kufa kwake. Akipumzika tu, linaanza. Na Mwantumu hakumkosesha kazi. Alikuwa akimwaga mahindi yake kinuni, anamtazama, anasema:

"Twanga laini, mke mwenza."