Jiwe Linalokua la Generosa

Kosa lilikuwa langu. Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Heru Juu, na mdomo wangu hauna mlango.

Asubuhi moja Generosa aliniita shambani kwake, kwenye mteremko. Mumewe, Ndayikunda, alikuwepo. Katikati ya mihogo palisimama jiwe jeusi, kama mtu aliyechuchumaa akajifunika shuka.

"Tulipoanza kulima hapa lilikuwa dogo kama kiatu," alisema Generosa. "Leo linanifika gotini. Mwalimu, linakua."

Nikatania: "Huyo ni marehemu anaamka. Mwakani atawapigia hodi!"

Hawakucheka.

Ndayikunda alichora mstari wa mkaa kwenye jiwe, pale lilipogusana na udongo. Mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi mstari ulikuwa juu ya udongo, vidole vinne. Hakuna aliyeligusa jiwe. Hata ndege hawakutua pale.

Generosa akaacha kupalilia. Magugu yakameza mihogo. Ndayikunda akafunga godoro kwa kamba ili wahamie kwa kaka yake huko Nyabibuye. Shamba lingine hawakuwa nalo.

Siku hiyohiyo akafika Adija, mtaalamu wa miamba. Mwaka uliopita alikuwa amechukua kipande cha jiwe lile akapime umri wake.

"Mwakeye, mama," alisalimu kwa Kiha. "Mnakwenda wapi?"

"Tunamkimbia huyo," Generosa alisema, akinyoosha kidole. "Anakua."

Adija akaketi juu ya godoro.

"Mama, ndani ya jiwe lile kuna chembe ndogo kuliko punje ya ulezi. Zinaitwa zirkoni. Zilipozaliwa zilifungia ndani madini yaitwayo urani. Urani inageuka risasi polepole, kwa mwendo uleule."

"Risasi ya bunduki?" Ndayikunda alishtuka.

"Hapana, baba. Madini tu. Tunahesabu urani iliyobaki na risasi iliyotokea, tunapata umri. Kuna mashine inang'oa atomu, vipande vidogo kabisa visivyoonekana kwa macho, moja moja."

"Kama kuchambua maharage?"

"Ndiyo, mama. Inaonyesha kila atomu ilikaa wapi. Maana risasi ikihama ndani ya chembe, hesabu inadanganya."

"Sasa ana miaka mingapi?"

"Zaidi ya bilioni moja. Milioni mara elfu. Lilikuwa uji wa moto, likapoa, likaganda. Jiwe hilo haliwezi kukua, hata unene wa ukucha."

Upepo ulipita kwenye magugu.

"Na mkaa wangu?" Ndayikunda aliuliza kwa sauti ndogo. "Umepandaje?"

"Haukupanda, baba. Shamba ndilo linashuka. Mvua inabeba udongo wenu."

Generosa akatazama miguu yake, kana kwamba ardhi inamtoroka sasa hivi. "Basi tulimwogopa aliyekaa," alisema, "huku mwizi akipita mbele yetu."

Godoro likafunguliwa. Tulichimba matuta ya kukinga mteremko, mimi nikiwa wa kwanza kushika jembe, maana nilikuwa na deni la mdomo. Tukapanda majani ya mabingobingo juu ya matuta, yashike udongo. Ndayikunda akachora mstari mpya.

Mvua zikaja, zikaisha. Mstari haukupanda. Mihogo ikanenepa.

Juzi, kwenye ukungu wa asubuhi, nilikwenda peke yangu kuomba radhi. Jiwe lilikuwa na baridi mkononi.

"Mzee," nilisema, "nisamehe kwa utani wangu. Ila wewe umekaa hapa siku zote hizo. Niambie basi, nani alilima hapa kabla yetu?"