Upepo wa Marehemu

Mnisamehe, hadithi hii naisimulia vibaya, maana nikikaribia mwisho huharakisha nimalize. Mwaka 1956 rafiki yangu Silvester wa Iringa, mkusanyaji wa baiskeli adimu, alifika Mbeya kuchukua ile aliyoitafuta miaka yote: zilitengenezwa chache, kiwanda kikafa. Mwenye nayo naye alikuwa amekufa kwa kifua. Mjane wake, Mama Sekela, akamfungulia stoo yenye giza totoro.

"Ichukue, baba, ila upepo usiutoe. Ni wa marehemu."

"Wa marehemu vipi, mama?"

"Pampu ilipotea. Alijaza kwa mdomo."

Silvester akacheka. Akataka kujua kama tyubu imeoza, akafungua vali ya gurudumu. Ssssss! Harufu ya ugoro, makohozi na meno mabovu ikamjaa mdomoni. Kisha gurudumu likakohoa, khoo! khoo!, likamtemea kiganjani kitu kizito cha uvuguvugu.

Gizani, Mama Sekela akasema taratibu, "Pole, mume wangu."

Silvester alitapika, lakini kuiacha hakuweza. Akaifikisha Iringa haina upepo. Hapo lawama ni zangu: nilimwazima pampu. Tangu irudi kwangu, kabla ya kutoa upepo pampu hiyo husafisha koo kwanza.