Jina Lililobaki Kwenye Mafunjo

Giza lilikuwa linaingia nilipotoka duka la dawa hapa Mbita na chupa ya dawa ya homa, mtoto mgongoni akilia. Alikuwa hajapewa jina. Willis, baba yake, alizama ziwani nikiwa na mimba. Na watu wa Willis kule Uriri? Hata kuja kumwona mtoto hawakuja. Sisemi zaidi nisije nikatukana.

Dawa nilimpa. Akazidi kulia, mwili moto. Nikampigia mama mkwe.

"Hiyo ni jina analilia, nyara, binti yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mwitie majina ya waliokufa. Akinyamaza kwa jina, basi huyo ndiye amekuja. Lakini wa kwetu tu."

"Mama, si hiyo ni kazi ya nyanya?"

"Mguu unaniuma."

Mguu! Nkt.

Nikakaa na mtoto mbele ya kompyuta. Ilikuwa wazi kwenye kazi yangu. Chuo kimoja cha ng'ambo hunitumia vyeti vya dawa vya Wagiriki waliokaa Misri zamani sana, vilivyoandikwa kwenye karatasi za mafunjo. Vimeraruka vibaya. Mimi huchapa tafsiri zake.

"Willis," nikaita. Nilitaka sana awe yeye.

Akalia zaidi.

"Rapemo. Agutu. Ochuodho."

Wapi!

Wafu wakaniishia. Nilikuwa nimechoka, aki, sina hata wa kunipokea mtoto nikaoge. Macho yakaangukia kompyuta, mdomo ukasoma wenyewe:

"Kwa homa ya Horioni, aliyezaliwa na Taisi. Siki, ubani, mafuta ya waridi. Mpake utosini, kisha…"

Hapo mafunjo yamekatika.

Mtoto akanyamaza.

Nikamgusa. Amepoa, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikacheka, nikalia, nikambusu. Halafu… harufu. Siki. Ubani. Mimi sina siki nyumbani.

Hatua nyuma ya kiti changu. Taratibu… za mtu asiye na viatu. Na mlango nilikuwa nimeutia komeo.

"Nani?" nikanong'ona.

Nikageuka, hapana mtu. Nikamtazama mtoto. Utosi ulikuwa unang'aa mafuta.

Sikumpaka mimi.

Siku chache baadaye mama mkwe alikuja, mguu umepona, na wazee wa kanisa, na wazee wengine wasio wa kanisa. Wakamwita mtoto Willis. Homa ikarudi pale pale, macho yakageuka meupe. Nikawapigia kelele waache! Nikamwita Horioni mbele yao, akatulia. Wakaondoka bila kunywa chai. Sijawaona tena.

Jina hilo ndilo linalomweka hai, sasa mimi nifanyeje? Lakini mtoto hataki tena titi langu. Kila asubuhi namkuta ameshiba, mdomo unanukia ubani. Ananenepa vizuri. Mimi maziwa yamenikauka kifuani, na sina wa kumwambia.

Miezi imepita hivyo. Jana jioni nilikuwa nimempakata, nikimwimbia, akasema neno lake la kwanza.

"Mama."

Jamani, nilivyolingoja neno hilo! Nikafungua mdomo niitike.

Nyuma yangu, sauti ya mwanamke ikaniwahi kuitika.