Fomu Ishirini za Kadii

Ulimwona, wala usikatae. Ulipita pale Barani, mjini Malindi, ukamwona msichana wa miaka kumi na mitatu ameketi kizingitini peke yake, redio ndogo mapajani. Ukaangalia viatu vyako, ukaenda zako. Hukumwuliza hata jina. Basi nitakueleza habari zake, na safari hii usigeuze shingo.

Jina lake Kadii. Alitoka Tezo, nje ya mji wa Kilifi, akaja kukaa na shangazi yake Pamela ili asome gredi ya saba. Shangazi alikuwa mfuaji wa nguo hotelini. Alitoka alfajiri, akarudi baada ya magharibi. Shuleni wenzake walimwita "Tezo", kana kwamba jina alilopewa kwao halikutosha. Kila siku Kadii alirudi nyumbani, akavua viatu, akala kiporo cha sima, kisha saa kumi kamili akafungua redio ya mtaa.

"Hamjambo, wasikilizaji wangu," alisema mtangazaji, Bi Raiya.

"Shikamoo, Bi Raiya," Kadii aliijibu redio. Hiyo ndiyo salamu pekee aliyoipata tangu atoke shuleni.

Siku moja Bi Raiya mwenyewe alikuja kuzungumza na Chama cha Wanahabari cha shule yao. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa buibui, viatu vimejaa vumbi.

"Mwadhani kazi yangu ni kuzungumza?" aliuliza. "Hata kasuku huzungumza. Kazi yangu ni kumjua anayenisikiliza. Nani hushika redio nyumbani? Huifungua saa ngapi? Mikono yake inafanya nini wakati huo? Nisipoyajua hayo, ninatangazia kuta."

Alieleza kwamba kipindi cha afya, kilichokuwa saa kumi na mbili asubuhi, huenda kikabadilishwa saa. Kabla ya kuamua alitaka watu waulizwe, nyumba kwa nyumba. Kila mwanachama alipewa fomu ishirini. Nelly na wenzake walipewa mtaa wa Shella. Barani akaachiwa Kadii.

"Tezo atahoji watu?" Nelly alicheka. "Huyu akiitwa darasani huitika kwa pua!"

Wote wakaangua kicheko. Kadii alizikumbatia fomu zake kifuani. Walau Bi Raiya angelijua jina lake.

Kesho yake, saa kumi, alisimama mlangoni kwa jirani, Hawe Kadzo. Hawe ni bibi, kwa Kigiriama.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya. Na desturi ni kwamba ukibisha mara tatu pasijibiwe, unaondoka. Akaondoka. Nyumba ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne, mbuzi alimtazama, akaendelea kutafuna katoni.

"Wameijua sauti yangu," alijiambia. "Wamenyamaza makusudi."

Alirudi kizingitini, akajaza fomu zote ishirini yeye mwenyewe. Alibuni majina na umri. Lakini kila aliyembuni alisikiliza redio kama Kadii: saa kumi, peke yake, mikono mitupu.

Mwezi uliofuata kipindi cha afya kilihamishiwa saa kumi. Kadii aliona fahari kidogo na aibu kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa insha aliyonakili.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Jumanne, saa kumi, Bi Raiya alitangaza kwa sauti nzito: "Wakazi wa Barani, kisima kilicho nyuma ya uwanja kimeingiwa na maji ya choo. Msiyanywe maji yake hadi kitiwe dawa."

Kadii aliinua macho. Wanawake walikuwa wakipita njiani, ndoo mikononi, wakielekea kisimani. Hawe Kadzo alikuwa mbele na dumu lake la njano. Katika nyumba zile zote hapakusikika redio hata moja. Shangazi Pamela alinunua maji ya mkokoteni, kwa hiyo Kadii hakuwahi kwenda kisimani, wala hakujua kwamba saa kumi ndiyo saa ya kuteka maji.

Alisimama. Akafungua kinywa. "Nani atamsikiliza Tezo?" akajiuliza, akaketi tena.

Alikosea, sikatai. Lakini wewe, lau ungemsalimu hata siku moja, angekuwa na mtu wa kumwita.

Alhamisi, akitoka shuleni, alimkuta Hawe Kadzo akipandishwa kwenye bodaboda, mjukuu wake amemshikilia kwa nyuma, kichwa kimeanguka begani. Alikuwa ameharisha usiku kucha. Kadii hakuingia nyumbani. Alikimbia hadi kituo cha redio.

"Shikamoo, Bi Raiya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema hivyo?"

"Fomu za Barani nilizijaza mwenyewe. Zote. Juzi ulipotangaza, wanawake walikuwa wakienda kisimani, na sasa jirani yangu Hawe Kadzo amepelekwa hospitali."

Bi Raiya alifungua kabati, akazitoa zile fomu, akazipekua polepole.

"Fomu za Shella ziligawanyika nusu kwa nusu," alisema. "Hizi zako ndizo zilizoamua. Nyumba ishirini, na kila mtu asikiliza peke yake! Huku kwetu redio moja huzungukwa na watu sita. Jambo hili lilinishangaza, lakini nilikuwa na haraka, nikalipuuza. Hilo ni kosa langu. La kwako ni lipi?"

"Nilidanganya. Nilibisha hodi nyumba nne, hakuna aliyejibu. Nilidhani hawanitaki."

"Ulibisha saa ngapi?"

"Saa kumi."

Bi Raiya aliziweka fomu chini. "Saa kumi walikuwa kisimani, Kadii. Hawakukukataa. Hawakuwapo! Na kutokuwapo kwao ndiko nilikokutafuta. Ungeandika maneno matano tu, 'Saa kumi hakuna mtu nyumbani', ungefanya kazi kuwashinda wote."

Kadii akaangua kilio. Bi Raiya alimwacha kidogo, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Futa machozi. Baada ya nusu saa watakuwa pale. Alamin!" alimwita mwenzake. "Shika kipindi. Mimi leo natangazia kisimani."

Walipofika, ndoo ya kwanza ilikuwa tayari imejaa. Bi Raiya alimsukuma Kadii mbele kwa upole. "Sema wewe."

"Mimi ni Kadii," alisema. "Nakaa kwa Pamela. Maji haya yameingiwa na choo. Msiyanywe."

"Alaa! Kumbe ana sauti!" mwanamke mmoja alisema. "Nasi tulidhani mtoto wa Pamela ni bubu."

"Na mbona hukutuambia juzi?" mwingine aliuliza kwa ukali.

"Niliogopa. Nilikosea. Nisameheni."

Mwanamke yule wa kwanza aliinamisha ndoo yake, maji yakamwagika. Wengine wakafuata.

Jumamosi Kadii alianza kazi upya. Nelly, aliyekwisha kusikia habari za kisimani, alimfuata njiani. "Nipe fomu kumi, Tezo."

"Naitwa Kadii."

Nelly alitazama chini. "Haya. Nipe fomu kumi, Kadii."

Waligundua kwamba simu zenye redio huondoka na akina baba, na kwamba akina mama husikiliza alfajiri, wakikaanga mahamri pamoja. Kipindi cha afya kikarudishwa saa kumi na mbili asubuhi.

Hawe Kadzo aliporudi kutoka hospitali, amekonda, Kadii alimwendea akamwambia ukweli wote. Bibi alimketisha kando yake.

"Kosa lako limeniumiza," alisema. "Lakini nami kila siku nilikuona hapo kizingitini. Nikasema, huyo ana wenyewe, hanihitaji. Nami nilikujazia fomu bila kukuuliza. Mjukuu wangu, usimsemee mtu ambaye hujamsikiliza. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamfikia mtu mwingine."

Hayo ndiyo mafunzo yake. Yangu ni mafupi zaidi. Karibu na kwenu yuko mtoto ameketi peke yake, nawe umekwisha kuamua kwamba hataki kusemeshwa. Umemwuliza? Funga kitabu hiki. Inuka, nenda sasa hivi, si kesho. Ukabishe hodi. Ukibisha mara tatu pasijibiwe, rudi saa nyingine, ubishe tena.