Shangazi Mwenye Ndevu

Asubuhi ile ya Jumamosi duka la vifaa lilifurika watu, na mabuti ya mpira yalibaki jozi moja tu. Fundi cherehani, katika gauni la njano alilojishonea mwenyewe, alidaka buti la kushoto. Alipogeuka kutafuta la kulia, akalikuta mkononi mwa kinyozi mmoja aliyechonga ndevu kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

"Kaka, hilo ni langu."

"Dada, nami nilitaka kukwambia hivyo hivyo kuhusu hilo lako."

"Unakwenda wapi na buti moja?"

"Msituni, kujitolea kupanda miti. Wewe je?"

"Huko huko."

Muuza duka aliguna. "Basi oaneni mvae kwa zamu, mie niuze misumari."

Kinyozi alimwachia buti, akapanda lori la wajitoleaji na viatu vyake vya ngozi. Jioni vilirudi vimelowa tope, ndimi nje. Fundi alicheka njia nzima, na kabla hawajashuka walikuwa wameshapeana namba za simu.

Tangu hapo kila Jumamosi walikuwa pamoja. Walipanda miche ya miti ya asili na kukata magugu ya kutambaa yaliyoikaba miti mikongwe, ili arudi ndege mmoja aliyekuwa karibu kutoweka kabisa. Ndege huyo alikuwa na kishungi chekundu kama kilemba kilichofungwa kwa madaha, ndiyo maana wajitoleaji walimwita Shangazi. Msimamizi aliwasikilizisha sauti yake kwenye simu: mluzi mrefu unaopanda, kisha unakatika ghafla kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Fundi, kwa masikio yake makali, alipewa kazi ya kumsikiliza. Aliionea fahari kuliko gauni lolote aliloshona.

Siku moja ya ukungu, mluzi ulisikika kutoka ng'ambo ya korongo. Fundi alikimbia kuwaambia wenzake mpaka kitambaa chake cha kichwa kikabaki kimenasa mtini.

"Shangazi amerudi."

Watu walikumbatiana majembe mkononi. Habari ikasambaa kwenye simu. Hata mama yake fundi alipiga kuuliza ni shangazi yupi huyo, na kwa nini hakufikia nyumbani.

Jioni kinyozi alimvuta fundi kando, uso umemshuka. "Mpenzi, yule hakuwa ndege. Nilikuwa nakuita wewe."

"Unaniita kwa sauti ya Shangazi?"

"Nimeifanyia mazoezi kibandani wiki nzima. Nilidhani utafurahi."

"Nimefurahi sana. Nimefurahi mbele ya watu wote."

Ikambidi fundi asimame mwenyewe mbele ya wenzake kueleza kwamba Shangazi ana ndevu. Walicheka bila ubaya. Lakini Jumamosi iliyofuata, aliposema amesikia mbawa juu ya mti, hakuna aliyeinua kichwa. Hilo ndilo lililomchoma. Akaacha kwenda. Simu za kinyozi akaziacha ziite, mguu ukikanyaga cherehani kwa hasira.

Asubuhi moja akapokea, ili amkataze tu.

"Usikate, laazizi. Niko chini ya ule mti mkubwa tuliouvua magugu. Sikiliza."

Mluzi ukapanda, ukakatika.

"Wewe huna haya kabisa."

"Mimi sija..." Mluzi mwingine ukapita juu ya maneno yake. "Umesikia? Mdomo ninao mmoja, na sasa hivi naongea na wewe."

Fundi aliacha sindano katikati ya pindo la gauni la mteja, akavaa mabuti, akakodi pikipiki. Alimkuta kinyozi ameketi kimya, kidole kikielekeza juu. Kwenye tawi, kilemba chekundu kilikuwa kikitikisika.

"Umemwambia msimamizi?" alinong'ona.

"Sijamwambia mtu. Habari ya Shangazi ni yako kuitoa."

Machozi yakamlengalenga. Akapiga simu.

"Kinyozi yuko wapi?" msimamizi aliuliza kwanza.

"Yuko hapa, nimemziba mdomo kwa kiganja. Sikiliza."

Shangazi akapiga mluzi. Upande wa pili wakamsikia msimamizi akiwaita watu kwa sauti iliyokwaruza.

Fundi aliondoa kiganja.

"Sitapiga mluzi tena katika msitu huu," kinyozi alisema. "Naapa."

"Sasa utaniitaje?"

"Mke wangu. Ukikubali kuitika."

Juu yao mluzi ukapanda tena.

"Naona Shangazi ameitika."

"Shangazi ana mambo yake," alisema fundi, akimfuta tope shavuni. "Mimi naitika mwenyewe. Abee, mume wangu."